Usingizi wa Mbwa

Wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza habari ya jambo ambalo kila mwenye mbwa huliona kila siku, lakini ni wachache walioketi kitako wakalifikiri, nalo ni usingizi wa mbwa. Twajua ya kuwa wako watakaocheka na kusema, “Mbwa naye ana elimu gani ya usingizi? Si hulala tu, wakati wowote na mahali popote?” Naam, hulala popote, walakini mbwa halali kama mtu alalavyo, na kwa kutoijua tofauti hiyo mbwa wengi wema wamepigwa na kufukuzwa bila kosa. Tena wako walioachwa kufa kwa maradhi yaliyoweza kutibiwa, kwa sababu mwenyewe alipita asubuhi, akapita adhuhuri, akapita jioni, na kila mara akasema moyoni mwake, “Mbwa amelala.”

Habari iliyotufanya tuyaandike haya tuliipata Busisi, katika wilaya ya Sengerema, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza. Wasafiri wa Geita na Bukoba wapajua mahali hapo, kwa maana kwa miaka mingi ndipo kilipofikia kivuko kitokacho Kigongo, na magari yalipanga foleni yakingoja zamu. Na tangu tarehe 19 Juni 2025 ndipo liishiapo Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya maji. Karibu na ufuko, mbali kidogo na barabara, uko mji wa mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Wajuao kazi hiyo hawahitaji kuambiwa kwamba dagaa huvuliwa usiku, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za umeme wa jua, na ya kuwa usiku ulio bora ni ule wa giza, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa. Basi mzee huyu huondoka magharibi, hurudi alfajiri, na nyuma yake hubaki mbwa wake, aitwaye Simba, mbwa wa kawaida wa kwetu, rangi yake kama mchanga, mwenye kulinda mbuzi, kuku, na vyavu vya kuanikia.

Mzee alikuwa na shauri baya juu ya Simba. Kila aamkapo, kadiri ya saa tano mchana, humkuta mbwa amejinyosha chini ya mtumbwi uliopinduliwa, amelala fofofo. Akitoka tena saa nane, bado amelala. “Huyu hula bure,” akasema. “Kesho nitampa mtu wa ng'ambo aende naye, na asipotaka nitajua la kumfanya.” Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, aliyasikia maneno hayo.

“Baba,” akasema, “nakuomba siku saba tu.”

“Siku saba za nini, mama?”

“Nimwangalie Simba afanyavyo usiku, niandike.”

Mzee akacheka, akamkubalia, kwa maana giza la mwezi lilikuwa limeanza na yeye hakuwa na nafasi ya kushughulika na mbwa. Mtoto akachukua daftari kuukuu, akapiga mistari. Lakini mtoto hawezi kukesha, wala si haki akeshe, maana asubuhi aenda shule. Basi akamshirikisha bibi yake. Wazee hawana usingizi mrefu. Bibi akawa kila amkapo usiku husikiliza kwanza, na kulipokucha humweleza mjukuu: mbwa alisimama, akazunguka zizi la mbuzi, akarudi, mbwa alikwenda mpaka kwenye vyavu, akamkemea kenge, mbwa alilala mlangoni, akainuka watu walipopita, akalala tena. Siku ya saba daftari lilikuwa na alama nyingi kuliko vidole vya mtu vya mikono na miguu, nazo ni za zile saa tu ambazo bibi alikuwa macho. Mzee alisomewa yote, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mimi nami nikirudi ziwani nalala mpaka saa tano, wala hakuna aniitaye mvivu.” Na shauri la mtu wa ng'ambo likaishia hapo.

Sasa na tueleze kwa nini mambo yalikuwa hivyo. Mtu mzima mwenye afya hulala mara moja kwa usiku, muda wa saa 7 au 8 hivi, kisha huwa macho mchana kutwa, labda apate lepe dogo la adhuhuri. Mbwa mzima hulala zaidi: katika saa 24 za usiku na mchana, usingizi wake wote ukijumlishwa waweza kufika saa 10 hata 14. Lakini hauchukui kwa fungu moja. Huukata vipande vipande, kama mtu anayekula muwa kwa pingili. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Australia, Adams na Johnson, walieleza walivyowachungua mbwa wakati wa usiku. Waliona ya kuwa mbwa hulala kwa dakika 16 hivi, huamka kwa dakika 5 hivi, kisha hulala tena, na katika saa 8 za usiku zamu hiyo hurudiwa kadiri ya mara 23. Fikiri basi: mtu angeamshwa mara 23 kila usiku, je, asubuhi angeweza kushika jembe? Mbwa aweza kuishi hivyo, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na kwa sababu mchana hujilipa deni lake. Mzuie asijilipe, nawe umemwibia.

Tabia hiyo ameirithi. Wahenga wa mbwa walikuwa mbwa-mwitu wa nchi za baridi, waliokuja kukaa na watu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na mnyama wa mwitu alalaye saa 8 bila kuinua kichwa hawezi kudumu siku nyingi. Na sisi wanadamu tulimpenda mbwa kwa ajili ya jambo hilohilo. Tulimtaka mwenzetu ambaye usingizi wake ni mwepesi kuliko wetu, ili atuamshe. Ni ajabu basi tukimpata tukamlaumu kwa kuwa mchana amechoka.

Wanafunzi wengine wataka kujua habari za mbwa atikisikaye usingizini. Mmemwona: amelala ubavu, mara miguu yaanza kwenda kana kwamba akimbia, ndevu zacheza, kope zatetemeka, pumzi yaenda mbio kisha yatulia, na kooni hutoka mlio mdogo kama mbweko uliofunikwa chungu. Je, aota? Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika ya kuwa mbwa huota, na dalili yake ni kubweka kwao usingizini. Kwa karne nyingi hapakuwa na njia ya kuthibitisha. Hata mwaka 1953, huko Chicago, Aserinsky na Kleitman walitoa habari ya kuwa mtu alalapo huwa na vipindi ambavyo macho yake, ingawa yamefumbwa, huenda huku na huku kwa haraka, na akiamshwa wakati huo mara nyingi husema alikuwa akiota. Mwaka 1958 Dement alieleza ya kuwa paka naye ana vipindi hivyo. Mbwa vilevile anavyo. Wakati huo ubongo hufanya kazi karibu kama wa aliye macho, lakini viungo hulegezwa ili mwili usiondoke kufuata ndoto. Kule kutikisika tukuonako ni mabaki tu yaliyoponyoka. Watoto wa mbwa hutikisika zaidi kuliko mbwa wazima, wala si ugonjwa. Aotacho mbwa hasa, hapana awezaye kumwuliza. Labda Simba humwota kenge.

Hapa pana neno moja kubwa kwa ajili ya watoto. Msimguse mbwa aliye katika hali hiyo, wala msimvute mkia, wala msimrukie kwa mchezo. Mbwa aliyeshtuliwa toka usingizi mzito hajui kwanza ni nani aliyemgusa. Meno hutangulia, na fahamu hufuata. Watoto wengi walioumwa na mbwa wa nyumbani kwao, mbwa mpole asiyejulikana kwa ukali, waliumwa kwa njia hii. Wazee walisema, “Alalaye usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.” Ikiwa lazima kumwamsha, simama mbali, mwite kwa jina lake, ungoje ainue kichwa na kukutazama.

Zaidi ya usingizi wa ndoto kuna usingizi mzito usio na mtikisiko, pumzi zikienda polepole kwa kipimo. Usingizi huo ndio upumzishao mwili, na kwa mbwa mchanga ndio umkuzao. Mtoto wa mbwa wa majuma machache aweza kulala saa 18 hata 20 katika saa 24, na kila saa ina kazi yake. Twasema hivi kwa sababu ya desturi tuionayo vijijini: mbwa akizaa, watoto wa mji mzima hukusanyika, huyu akamata mmoja, yule akamata mwingine, hubebwa toka asubuhi hata jioni, huangushwa, hukimbizwa, na wakitaka kulala huamshwa ili wachezewe tena. Baadaye watu hushangaa ya kuwa watoto wa mbwa hawakui, au wamekufa.

Ushahidi wa hatari hii ni wa zamani, nao wasikitisha. Mwaka 1894 mwanamke mtaalamu wa Urusi, Maria Manaseina, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya watoto wa mbwa. Aliwalisha vema, lakini hakuwaruhusu kulala hata kidogo. Wote wakafa baada ya siku 4 au 5. Watoto wa mbwa walionyimwa chakula, lakini wakaachwa walale, waliweza kuokolewa hata baada ya siku nyingi kuliko hizo. Majaribio ya namna hiyo hatungependa kuyaona tena. Lakini kwa kuwa yamekwisha kufanywa, yafaa tukumbuke yaliyoonekana: njaa huua polepole kuliko kukosa usingizi.

Mwenye kumfundisha mbwa kazi ya kuchunga naye ana faida yake katika jambo hili. Mwaka 2017 wataalamu wa Budapest, katika nchi ya Hungaria, walichukua mbwa waliojua amri za kuketi na kulala chini kwa Kihungari, wakawafundisha amri zilezile kwa Kiingereza, kisha wakawaacha walale huku vyombo vikiandika mawimbi ya ubongo wao. Mawimbi ya mbwa waliotoka kufundishwa hayakuwa sawa na yale ya siku ambayo hawakufundishwa kitu. Ubongo ulikuwa ungali ukifanya kazi juu ya fundisho. Kwa hiyo mfundishe mbwa wako kwa muda mfupi, asubuhi kabla ya jua kali, kisha mwache akalale. Ukimfundisha mpaka achoke, na alipochoka ukampiga, umefanya kama mwalimu amwagaye maji katika mtungi uliojaa.

Tuseme sasa mahali pa kulala. Katika miji mingi mbwa hana mahali. Hulala alipopata, na mara nyingi hupata jivuni. Twajua sababu: usiku wa ziwani una upepo, na jivu la jioni lina joto. Lakini kufika alfajiri jivu limepoa, na baridi imeingia mpaka mifupani. Tena kaa lililofichika humwunguza, na mbwa wengi wana makovu ya mahali hapo. Mbwa hahitaji jumba. Kwake yeye yatosha mahali pakavu palipoinuliwa kidogo ili maji ya mvua ya masika yasipite, penye paa la nyasi au bati kuukuu, mgongo wa kibanda uelekee upande utokako upepo, na mlango uelekee kile akilindacho. Neno hili la mwisho husahauliwa sana. Mbwa aliyewekwa mahali asipoweza kuliona zizi hawezi kutulia. Kila dakika chache huenda kutazama, na usingizi wake hukatika bure.

Mchana ahitaji kivuli na maji. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, illa kidogo katika nyayo. Joto lake hulitoa kwa kuhema, ulimi nje, na mwenye kuhema hawezi kulala usingizi mzuri. Mtumbwi uliopinduliwa ni kivuli kizuri, nao mwembe ni bora zaidi. Wako watu wamfungao mbwa mchana kwa mnyororo na kumwachilia usiku. Sisi hatuilaumu desturi hiyo yote, kwa kuwa mbwa azururaye huleta ugomvi na majirani. Lakini mnyororo mfupi palipo na jua, bila maji, ni adhabu, na mbwa aliyeadhibiwa mchana atalala usiku wezi wakipita.

Busisi siku hizi pana hatari mpya. Lami hushika joto la jua, na usiku mbwa huliona joto hilo kama sisi tuonavyo blanketi. Zamani magari yalifika mahali hapa polepole, kwa kuwa mbele yake palikuwa na foleni na kivuko. Sasa hupita moja kwa moja usiku na mchana. Mbwa alalaye kandokando ya lami hapati usingizi uliokamilika, kwa taa na mingurumo, na siku moja hapati kuamka. Mwenye mbwa aliye karibu na barabara na amwandalie mahali penye joto nyumbani, hata kama ni gunia juu ya mabua makavu.

Gunia hilo, hata hivyo, lisiachwe mwaka mzima. Maadui wakubwa wa usingizi wa mbwa ni wadudu. Kiroboto hukaa juu ya mbwa, lakini mayai yake huanguka, na watoto wake hukua katika vumbi la malazi. Kwa hiyo amwogeshaye mbwa na kuliacha gunia amefanya nusu ya kazi, na juma lijalo ataona viroboto kama zamani. Kupe wa mbwa hupanda ukutani na kujificha katika nyufa. Funza, ambaye wengi wadhani amekuwako kwetu tangu mababu, ni mgeni: aliletwa na merikebu kutoka Brazili mpaka Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara lote mpaka pwani yetu. Huingia katika nyayo za mbwa kama aingiavyo katika vidole vya watu, na mbwa wa namna hiyo hulala akijitafuna miguu usiku kucha. Hapo si mbwa tu asumbukaye, maana mayai ya funza huanguka uani wachezapo watoto. Basi fagia malazi kila juma, choma majani ya zamani, ziba nyufa kwa udongo. Dawa ya kuua kupe iulizwe kwa afisa mifugo, na kipimo chake pia. Isikisiwe, kwa kuwa dawa iliyochanganywa kwa nguvu imfaayo ng'ombe yaweza kumwua mtoto wa mbwa.

Twarudi kwa Simba. Miezi kadhaa baada ya habari ile, mzee alirudi ziwani akamkuta mbwa chini ya mtumbwi kama kawaida, akampita. Kesho yake vilevile. Sasa alikuwa amekwisha kujua ya kuwa mbwa mlinzi hulala mchana, basi hakuwa na wasiwasi. Ni binti tena aliyekuja na daftari. “Baba, huyu si amelala,” akasema. “Bibi asema usiku hakusikia kitu. Nimempa utumbo wa samaki, ameunusa tu.” Mzee akainama, akafunua mdomo wa mbwa. Ufizi, ambao kwa mbwa mzima huwa mwekundu wa waridi, ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Masikioni, ndani kabisa, kupe walijipanga kama mbegu.

Hapo ndipo palipo shida yenyewe ya mambo haya, nasi twaomba msomaji asipite upesi. Kulala sana si ugonjwa, na tena ni dalili ya magonjwa mengi. Njia ya kutenganisha ni kumjua mbwa wako alivyo siku zote. Mbwa mwenye afya, hata akiwa amelala fofofo, ataamka ukimwita, atajinyosha, atakuja, na chakula hatakikataa. Mbwa mgonjwa huinua jicho tu. Kupe huambukiza homa ziharibuzo damu: ufizi hupauka, mwili huwa na joto, na katika homa moja mkojo huwa mwekundu mweusi kama kahawa. Katika nchi zenye mapori ya ndorobo, mbwa aweza kupata nagana, naye hudhoofika, huvimba uso, na macho yake huingia ukungu mweupe. Watu wa kandokando ya ziwa hili hawana haja ya kuelezwa nguvu ya vijidudu viletwavyo na nzi huyo. Malale iliyoanza upande wa Uganda yapata mwaka 1900 iliua watu zaidi ya 200,000, na daktari Robert Koch wa Ujerumani alifika Mwanza mwaka 1906, kabla ya kwenda visiwa vya Sese kuuchungua ugonjwa huo. Mbwa wenye ugonjwa kama huo nao hulala, na wenyewe huwapita.

Liko jambo jingine kinyume cha hilo, na ni la hatari zaidi: mbwa aachaye kulala. Mbwa mpole akibadilika ghafula, akawa hatulii usiku wala mchana, akatangatanga, akauma miti na mawe, sauti yake ikageuka na mate yakamtoka, au kinyume chake akajificha gizani na kuchukia mwanga, dhani kwanza kichaa cha mbwa. Usimguse wala usimfunge mwenyewe. Waondoe watoto, ukamwite afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo akapewe chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Kwa maana ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu karibu hauna dawa. Shirika la Afya Duniani lakisia ya kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Mbwa mzee ni habari nyingine. Wengine akili zao hugeuka kwa uzee, usiku wakaufanya mchana na mchana wakaufanya usiku. Hutembea huku na huku gizani, husimama mbele ya ukuta, hulia bila sababu ionekanayo. Wapo wasemao mbwa aliaye hivyo ameona wachawi, au atabiri msiba. Sisi hatutaki kubishana na mtu usiku wa manane. Twasema tu, kabla ya kumwua mtazameni masikio, meno na viungo, maana mara nyingi aonacho ni maumivu. Na ikiwa ni uzee tu, mpeni mahali karibu na watu, na taa ndogo.

Simba alipelekwa kwa afisa mifugo wa kata juu ya baiskeli, amefungwa ndani ya kikapu cha dagaa. Alichomwa sindano, kupe wakatolewa, na mzee akaambiwa ampe uji na ini kidogo, asimwamshe, wala asimtegemee kwa ulinzi mwezi mzima. Malazi yote chini ya mtumbwi yalichomwa moto, na nyufa za ukuta zikazibwa. Kwa siku nyingi mbwa hakufanya kitu ila kulala, na safari hii hapakuwa na mtu mjini aliyesema neno. Usiku wa siku ya kumi na mbili bibi alisikia mbweko mmoja kutoka upande wa vyavu, kisha wa pili, kisha kimya. Na kulipokucha binti akafungua daftari, akaandika.